Morfini, Dawa Inayotaka Kipimo



Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo yafaa sana tunapokwenda kumtazama mgonjwa wa kansa, au mtu aliyeungua moto, au mama aliyepasuliwa jana. Sisi tuliosimama kando ya kitanda twaona jasho, twasikia kilio, lakini maumivu yenyewe hatuyajui.

Kwa maumivu ya namna hiyo iko dawa moja ambayo wanganga wanaitegemea tangu miaka mia mbili na zaidi. Jina lake ni morfini. Siku munganga anapoiandika katika karatasi, ugomvi huanza nyumbani. Mmoja asema: «Msimpe! Dawa hiyo ni sumu, itamfanya mtumwa.» Mwingine asema: «Mwongezeeni kijiko kingine, hamwoni anavyoteseka?» Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja aweza kumwumiza mgonjwa. Wa kwanza atamwacha alie bure usiku kucha. Wa pili aweza kumwua pasipo kutaka.

Tumeona vema kueleza hapa historia ya dawa hiyo. Maana makosa haya mawili si mapya, na ulimwengu mzima umekwisha kuyafanya.

Utomvu wa ua

Morfini yatoka katika mmea wa afyuni. Maua yake yakiisha kuanguka, hubaki tunda la kijani. Wakulima hulikwaruza kwa kisu kidogo, nalo hutoa maziwa meupe. Maziwa yakikauka huwa kama gundi ya rangi ya udongo. Hiyo ndiyo afyuni. Watu wa Misri, Wagiriki na Waarabu waliijua tangu zamani sana, wakaitumia kwa kuleta usingizi, kutuliza maumivu na kuzuia kuhara.

Lakini afyuni ilikuwa na hila. Donge moja lilikuwa kali, donge jingine hafifu, kwa kadiri ya udongo, mvua na mikono ya mchuuzi. Kiasi kilekile kilichomponya mtu jana kiliweza kumwua ndugu yake leo. Wanganga walitoa dawa kama mtu apigaye risasi gizani. Hapakuwa na kipimo.

Aliyefungua mlango ni kijana wa Udachi, jina lake Friedrich Sertürner. Alikuwa msaidizi katika duka la dawa la mji wa Paderborn. Karibu na mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka kama 21 tu, alifaulu kutenga katika afyuni ile chembe moja yenye nguvu, nyeupe kama chumvi. Aliipa jina la Morpheus, ambaye Wagiriki wa kale walimfikiri kuwa mungu wa ndoto.

Baadaye akataka kujua nguvu yake kwa mwili wake mwenyewe. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1817. Yeye na vijana watatu walimeza kiasi cha miligramu 30, kisha baada ya nusu saa 30 nyingine, kisha baada ya robo saa 30 tena. Nguvu ikawaangusha. Sertürner alipoona hatari aliwanywesha siki ili watapike, nao wakapona. Hivyo mtu wa kwanza kuitenga morfini ndiye pia mmoja wa watu wa kwanza walioizidisha! Hakungoja kipimo cha kwanza kifanye kazi yake kabla ya kuongeza cha pili. Kosa hilohilo laua watu hata leo.

Kutoka mwaka 1827 nyumba ya Merck, katika mji wa Darmstadt, ilianza kuitengeneza kwa kuuza. Toka hapo munganga aliweza kuandika: «Kiasi hiki, si zaidi.»

Jinsi inavyofanya kazi

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa nini utomvu wa ua unaweza kunyamazisha maumivu ya mtu. Jibu lilipatikana mwaka 1973, wataalamu wa Marekani na Sweden walipoona kwamba katika ubongo wetu mna kama kufuli ndogondogo, na morfini ni kama ufunguo unaoingia ndani yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, huko Aberdeen katika Uskoti, ikagunduliwa sababu ya kufuli hizo: mwili wenyewe hutengeneza funguo zake za kutuliza maumivu. Morfini inaazima mlango ambao Mungu amekwisha kuuweka.

Lakini kufuli hizo haziko katika njia ya maumivu peke yake. Ziko pia katika matumbo. Kwa hiyo anayetumia morfini hukosa choo. Ziko tena katika ile sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Dawa ikizidi sana, ubongo husahau kuvuta pumzi. Mtu hulala, pumzi zake zapungua moja moja, mwisho zakoma. Ndivyo morfini inavyoua, kimyakimya, bila kelele wala damu. Wenye nyumba hudhani kwamba mgonjwa amepata usingizi mzuri.

Ahadi iliyorudi mara tatu

Sasa tutazame kosa la kwanza, lile la kutoa dawa bila kujizuia. Mara tatu watu walisikia ahadi ileile: «Hii mpya haimfungi mtu.»

Mara ya kwanza ilikuwa kwa sindano. Mwaka 1853 munganga Alexander Wood wa Edinburgh alianza kutia dawa ya maumivu chini ya ngozi, na mwaka huohuo Charles Pravaz wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza sindano yake. Wengi walifikiri kwamba dawa isipopita tumboni haiwezi kuleta njaa ya dawa. Kumbe! Sindano ilifanya dawa ifike upesi zaidi, na njaa ikawa kali zaidi. Mwaka 1877 munganga Eduard Levinstein wa Berlin aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mpya, utumwa wa morfini.

Mara ya pili ilikuwa kwa dawa nyingine iliyotengenezwa kwa kuibadili morfini. Kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, ikaipa jina la heroini. Ilisifiwa kwamba haina hatari kama morfini. Miaka michache ikapita, na watu wakaona kwamba inafunga kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1924 Marekani ilikataza kuitengeneza.

Mara ya tatu ni katika siku zetu. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ya Marekani ilianza kuuza vidonge vya OxyContin. Ndani yake mna oksikodoni, ndugu wa morfini, iliyotengenezwa mara ya kwanza huko Udachi mwaka 1916. Vidonge hivyo viliachilia dawa polepole kwa muda wa saa 12, na wauzaji wakawaambia wanganga kwamba ni vigumu mgonjwa kuwa mtumwa wake.

Ushahidi uliotajwa mara nyingi siku hizo ni barua moja fupi sana, iliyochapishwa mwaka 1980 katika gazeti la wanganga. Ilisema kwamba katika wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za namna hii, wanne tu walionekana wamefungwa nazo. Barua hiyo haikusema uongo. Lakini ilihusu wagonjwa waliolala lopitalini, ambao muuguzi aliwapa dawa kwa mkono wake na kufunga kabati. Haikusema neno juu ya mtu anayepelekwa nyumbani na chupa ya vidonge kwa miezi mingi. Watu wakaichukua habari ya kitandani, wakaipeleka mahali isipofaa.

Mwaka 2007 kampuni iliyouza dawa hiyo ilikiri mbele ya hukumu kwamba iliwadanganya watu juu ya hatari yake, na mwaka 2020 ikakiri makosa tena. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuenea. Wengi walitoka katika vidonge wakaingia katika heroini, kisha katika fentanili, ambayo ni kali kuliko morfini mara 50 mpaka 100. Kutoka mwaka 1999 mpaka 2021, watu karibu 645,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa za jamii hii, zile za munganga na zile za wezi pamoja.

Kosa la pili: hofu

Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kuona uharibifu wa afyuni na morfini, mataifa yalipatana huko La Haye mwaka 1912 kuzizuia, na mwaka 1961 yakafanya mapatano mapya mjini New York. Mapatano hayo ya 1961 yanasema wazi tangu mwanzo kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu, na kwamba lazima zipatikane kwa wagonjwa. Lakini mahali pengi watu walisoma neno la kuzuia, wakaliruka neno la kupatikana.

Ikawa desturi katika lopitali nyingi: mgonjwa hapewi morfini mpaka alie. Akilia anangoja, akiisha kupewa analala, dawa ikiisha nguvu anaamka katika maumivu, anaanza tena kulia. Ndipo wauguzi wakasema: «Mwoneni, amekuwa mtumwa, kutwa anaulizia dawa.» Kumbe mtu yule hakuulizia dawa, aliulizia raha kidogo.

Aliyevunja desturi hiyo ni mama mmoja Mwingereza, Cicely Saunders. Kwanza alikuwa muuguzi, baadaye akasoma tena mpaka akawa munganga mwaka 1957. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi London, katika nyumba ya Mtakatifu Yosefu huko Hackney, ambayo Masista wa Mapendo wa Irlandi waliifungua mwaka 1905 kwa ajili ya maskini wanaokaribia kufa. Hapo aliwapa wagonjwa morfini kwa kinywa, kila saa nne, usiku na mchana, kabla maumivu hayajarudi. Aliandika kwa uangalifu hali ya kila mgonjwa. Akaona kwamba dawa ikitangulia maumivu, kiasi kidogo chatosha. Wagonjwa waliongea, walikula, waliwapokea jamaa zao kwa akili timamu. Mwaka 1967 alifungua nyumba yake mwenyewe, St Christopher's, na watu wa nchi nyingi wakaenda kujifunza huko.

Mwaka 1986 Shirika la Afya la Dunia lilifanya mafundisho hayo kuwa kanuni kwa wagonjwa wa kansa: kwa kinywa, kwa saa, kwa ngazi. Kwa kinywa, yaani si kwa sindano kama mgonjwa anaweza kumeza. Kwa saa, yaani bila kungoja kilio. Kwa ngazi, yaani kuanza na dawa ndogo kama parasetamoli, kupanda kwenye kodeini, na maumivu yakizidi kupanda kwenye morfini.

Hata hivyo hofu haijaisha. Hesabu iliyotangazwa na wataalamu mwaka 2017 yaonyesha kwamba kati ya mwaka 2010 na 2013 ulimwengu uligawiwa kila mwaka tani 298.5 za dawa za jamii hii, zikipimwa kama morfini. Nchi maskini zote pamoja, na Kongo yetu ikiwamo, zilipata tani 0.1, yaani kilo 100. Nchi moja inazama katika dawa, na nyingine haina hata kijiko. Na huko Marekani kwenyewe, hofu ilipokuja, wagonjwa wengine walikatiwa dawa kwa ghafula, hata mwaka 2019 serikali ikalazimika kuonya kwamba kukata namna hiyo kunaleta mateso makali, na wengine kutaka kujiua.

Jibu la Pio XII

Labda msomaji mmoja atauliza: je, Mkristo hapaswi kuyavumilia maumivu yake na kuyatolea Mungu? Swali hilo si jipya. Wanganga wa Italia wanaolaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa walimwuliza Baba Mtakatifu Pio XII, naye aliwajibu tarehe 24 Februari 1957. Alifundisha kwamba mwenye kutaka kuvumilia kwa hiari yake afanya vema, lakini mgonjwa hana sharti la kuyakataa matulizo. Dawa yaruhusiwa hata kama ingeweza kupunguza siku za mgonjwa, mradi nia iwe kutuliza maumivu na si kuua, pasiwe na njia nyingine, na mgonjwa asizuiwe kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa jamaa. Katekismu ya Kanisa ya mwaka 1992 yarudia mafundisho hayo.

Basi asiwepo mtu wa kumnyima mgonjwa dawa kwa jina la dini. Na siku hizi twajua kwamba morfini iliyopimwa vema, ikiongezwa kwa hatua, haiharakishi kifo kama watu walivyoogopa zamani.

Kijiko cha Kampala

Je, mambo haya ni ya Ulaya tu? Hapana. Jirani zetu wa Uganda walionyesha njia. Mwaka 1993 munganga Anne Merriman, aliyekuwa zamani mtawa mmisionari, alianzisha Kampala kazi ya kuwatunza wagonjwa wa kansa na wa UKIMWI waliokuwa katika maumivu. Hakutafuta vidonge vya bei kubwa. Alitumia unga wa morfini uliochanganywa na maji na dawa ya kuyalinda yasiharibike, kisha maji hayo yakatiwa rangi ili watu wasikosee nguvu zake. Bei yake ni ndogo, na mgonjwa anakunywa nyumbani kwake.

Lakini nani ataandika karatasi ya dawa vijijini, ambako hakuna munganga? Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, wauguzi waliosomea kazi hiyo wakaruhusiwa kuandika morfini wao wenyewe. Kila chupa inaandikwa katika daftari: imetoka lini, imekwenda kwa nani. Hapo makosa yote mawili yalifungiwa mlango: dawa inapatikana, na dawa inalindwa.

Dawa ikiingia nyumbani mwetu

Sasa tuseme mgonjwa wetu amerudi kutoka lopitali na chupa yake, au na vidonge vya kodeini, tramadoli au morfini. Tufanye nini?

Kwanza, mtu mmoja awe mlinzi wa dawa. Yeye peke yake ampe mgonjwa, na aandike katika daftari saa na kiasi. Watu wawili wakitoa bila kuambiana, mgonjwa atakunywa mara mbili.

Pili, tufuate kiasi na saa ya karatasi. Tutumie kipimo kilichotolewa na farmasi, si kijiko chochote cha jikoni. Maumivu yakirudi kabla ya saa, tusijiongezee kama Sertürner. Tumwarifu munganga, naye ndiye atakayepanga upya.

Tatu, vidonge vinavyofanya kazi polepole vimezwe vizima. Tukivisaga au kuvitafuna, dawa ya saa 12 yaingia mwilini mara moja, na hiyo yaweza kuua.

Nne, tusichanganye na pombe yoyote, wala na dawa za usingizi kama diazepamu. Hizo nazo hupunguza pumzi, na zikikutana na morfini husaidiana kuizima. Munganga aambiwe dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za miti shamba, na kama ana ugonjwa wa mafigo au wa mapafu.

Tano, tangu siku ya kwanza tumwombe munganga dawa ya kulainisha choo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua; kukosa choo hakupungui. Wagonjwa wengi huiacha morfini kwa sababu ya tumbo, si kwa sababu nyingine.

Sita, dawa ifungiwe kwa ufunguo, mbali na watoto. Kiasi kinachomtuliza baba chaweza kumwua mtoto. Tusimpe jirani kwa kuwa naye anaumwa mgongo. Kodeini haifai kwa watoto wasiofika miaka 12. Mgonjwa akipona au akifariki, dawa iliyobaki irudishwe lopitalini au farmasi.

Saba, tusikate dawa ghafula. Mwili uliozoea morfini kwa majuma mengi hutetemeka, huhara na kutoka jasho ukinyimwa. Huko ni kuzoea kwa mwili, si utumwa. Mtumwa wa dawa huitamani hata kama haimpi faida, naye yu tayari kuiharibu kazi na nyumba yake kwa ajili yake. Mgonjwa huitaka ili apate kulala na kula. Munganga atapunguza kidogo kidogo. Lakini tukiona mtu anaficha vidonge, anaongeza kwa siri, au anaendelea hali maumivu yamekwisha, tumwambie munganga mapema, bila kumtukana wala kumwaibisha.

Nane, tujue alama za hatari. Mgonjwa akilala lakini ukimwita aamka, na pumzi zake ni za kawaida, usiogope. Labda analipa usingizi wa siku nyingi. Lakini akiitwa na kutikiswa asiamke, akivuta pumzi chini ya 10 kwa dakika au kwa kukoroma, midomo ikiwa ya buluu na mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, hapo dawa imezidi. Usimpe tena hata tone. Mlaze kwa ubavu, afikishwe lopitali upesi. Pumzi zikikoma, mpulizie kinywani. Iko dawa iitwayo naloksoni, inayoifukuza morfini katika zile kufuli za ubongo. Lakini nguvu yake ni ya muda mfupi, kwa hiyo mgonjwa aliyeamka lazima aangaliwe bado.

Twaongeza neno moja juu ya soko. Katika miji mingi ya Afrika tramadoli huuzwa kwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya munganga, na vijana huimeza ili wapate nguvu ya kubeba mizigo au kuendesha pikipiki. Ni ya jamii hiihii, na ikizidi yaweza hata kuleta kifafa. Kidonge cha sokoni hakina anayejua kiasi kilichomo. Kwa wazazi ni vema kuijua habari hiyo, na kuzungumza na vijana wao kabla wengine hawajazungumza nao.

Basi, munganga akiandika morfini kwa mgonjwa wenu, msimnyime kwa hofu, wala msimzidishie kwa huruma. Mwulizeni munganga kabla ya kutoka lopitalini: ni kiasi gani, ni saa ngapi, na tumwite nani usiku kama kuna shida? Majibu hayo matatu yaandikwe katika daftari, na daftari ikae karibu na kitanda.